Nguvu za Wazee Wetu: Protini katika Sahani ya Uzeeni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wageni katika maadhimisho ya kuanzishwa kwa hekalu letu, Tabora)

 

Kamati ilinitaka nizungumze dakika 20 juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa jumuiya. Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza vizuri historia ya jengo hili, waliochanga na waliolijenga. Mimi naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya miili ya wale waliolijenga, ambao wengi wao, kwa neema ya Mungu, wako hapa mbele yetu. Mimi si tabibu. Elimu yangu iliishia sekondari, na kazi yangu kwa zaidi ya miaka 40 imekuwa kupima nafaka na kunde kwenye mizani. Lakini mwenye mizani hujifunza jambo moja: kinachotoka kikizidi kinachoingia, ghala litakwisha, hata kama lilikuwa kubwa namna gani. Hilo ndilo somo langu la leo.

Tazameni ukumbi huu. Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba zamani, wakati wa bhajan, sote tuliketi sakafuni, wazee kwa vijana, na aarti ilipoanza tuliinuka mara moja. Leo viti vya plastiki vimepangwa kufuata ukuta, na kila baada ya muda Kamati hulazimika kununua vingine. Sisemi haya kwa kuwakejeli wanaovikalia. Hivi karibuni nami nitakuwa miongoni mwao. Nasema kwa sababu kila kiti kinachoongezwa kinatuambia kwamba kuna mtu ambaye miguu yake haimwinui tena. Sisi tumezoea kusema, "Ni uzee tu." Nimekuja kueleza kwamba si uzee tu. Sehemu kubwa ya unyonge huo inatokana na sahani, na kwa hiyo inaweza kuzuiwa.

MJI ULIOJENGWA NA MIGUU

Tabora yetu ni mji uliojengwa na miguu ya watu. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, kila pembe ya ndovu, kila jora la nguo na kila fungu la shanga lilipita Unyanyembe juu ya bega la mwanadamu. Wazungu Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walimsikia na baadaye kumwona mfanyabiashara maarufu aliyeitwa Musa Mzuri, mtu wa asili ya Surat. Hakuwa Mhindu, alikuwa Khoja. Lakini alitoka Gujarat kama babu zetu, na alikuwa amekwisha kufanya biashara huku miaka mingi kabla ya mgeni yeyote wa Ulaya.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na mwendo kati ya Bagamoyo na hapa ulikuwa wa miezi miwili, mitatu, au zaidi. Posho yake ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Msafara ulipofika Unyanyembe ulipumzika, watu wakala, wakarudisha nguvu, ndipo wakaendelea kuelekea Ujiji au kurudi pwani. Kirangozi na mwenye mali walijua hesabu hiyo kwa uchungu: posho ikipungua, mwendo unapungua. Wala tusifiche kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha mateka waliofungwa minyororo, na aliyeishiwa nguvu aliachwa kando ya njia. Kwa hiyo kila jumuiya iliyobaki kwenye njia hii ina swali la kujibu: je, nasi tutamwacha anayebaki nyuma?

UNYONGE NI NINI?

Mwili wa mwanadamu huanza kupoteza nyama ya misuli polepole tangu utu uzima, na baada ya umri wa miaka 50 upungufu huo huongezeka mwaka hata mwaka. Watu wa Tabora, nchi ya asali, wanaielewa vizuri methali isemayo chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna siku moja ambayo mtu huamka na kuona misuli imekwenda. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hiyo iitwe sakopenia, jina la Kigiriki lenye maana ya upungufu wa nyama. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake walitaja alama tano za unyonge wa uzeeni, nami nitazitaja kwa lugha ya nyumbani ili kila mmoja azikumbuke:

Kwanza, kupungua uzito bila kukusudia, kilo 4 na nusu au zaidi kwa mwaka mmoja. Pili, kuchoka kila mara, hata kazi ndogo ikaonekana mlima. Tatu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mfuniko wa chupa ukashindikana. Nne, mwendo kuwa wa polepole. Tano, kuacha shughuli, mtu akakaa tu. Mwenye alama tatu au zaidi amekwisha kuwa mnyonge. Mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko. Hali hii si ya nchi za baridi peke yake. Watafiti wameichunguza hata miongoni mwa wazee wa vijijini katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro.

Mtu mnyonge anaweza kuonekana mzima kwa miaka, mpaka siku ya dhoruba. Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Foiba wangu, dada wa marehemu baba yangu, aliishi hapa peke yake baada ya wanawe kuhamia Leicester na Toronto. Asubuhi alikunywa chai na khakhra mbili. Mchana alikula wali kidogo na dal nyepesi, ambayo ukiitazama unaona chini ya bakuli. Jioni ilikuwa chai tena, au khichdi vijiko vichache. Ekadashi zote mbili za mwezi alifunga, na mwezi wa Shravan alifunga zaidi. Hakuwa maskini. Dengu na choroko vilikuwa magunia kwa magunia, hatua chache kutoka kitandani pake. Watu walimsifu kwamba mzee huyu hana tamaa ya chakula, ni mtu wa Mungu.

Mwaka mmoja wakati wa mvua alipata malaria, akalala siku tisa. Dawa ilifanya kazi na homa iliisha, lakini miguu haikurudi. Majuma machache baadaye alianguka bafuni akavunjika nyonga, na hakutembea tena mpaka alipotutoka. Mimi ndiye niliyembeba kutoka garini. Alikuwa mwepesi kama gunia lililokwisha nafaka. Malaria ilikuwa dhoruba tu; ukuta ulikuwa umeliwa kwa ndani muda mrefu.

Na hili si jambo la bahati mbaya ya mtu mmoja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya nzuri waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Mwenye akiba ya misuli hulipa deni hilo na kusimama tena. Asiye na akiba hufilisika.

HESABU YA SIKU

Protini ndiyo malighafi ambayo mwili hujengea misuli. Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Usipopewa ya kutosha huvunja misuli yake wenyewe ili kupata ya kuendeshea moyo, damu na kinga ya maradhi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2007, liliweka kiwango cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Lakini mwaka 2013 kundi la wataalamu wa lishe ya wazee lilishauri kwamba mwenye miaka zaidi ya 65 apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, na mgonjwa zaidi ya hapo. Sababu ni kwamba misuli ya mzee imekuwa mizito wa kusikia: kiasi kidogo kinachomtosha kijana, yeye hakimwamshi. Kwa hiyo tulivyozoea kufikiri, kwamba mzee anahitaji kidogo, ni kinyume cha ukweli. Anahitaji wali mchache zaidi, ni sawa. Lakini dal anahitaji nyingi zaidi.

Tufanye hesabu ya mama mwenye kilo 50. Anahitaji gramu 50 hadi 60 kwa siku. Chai ya maziwa na khakhra mbili hazizidi gramu 6. Wali na dal nyepesi zitampa labda gramu 8 au 10. Khichdi ya vijiko vichache na chhash, gramu 6 au 7. Jumla haifiki hata nusu ya mahitaji, na hivyo ndivyo anavyokula kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Sasa tumwandalie mama huyo huyo sahani nyingine, bila kuingiza nyumbani kitu chochote kinachokatazwa. Asubuhi glasi ya maziwa ina gramu 8, na konzi ya karanga za Tabora, gramu 30 kwa mizani, ina protini gramu 7. Mchana dal nzito iliyopikwa kwa gramu 50 za mbaazi kavu au choroko ina gramu 11 au 12, chapati mbili gramu 6, na nusu kikombe cha mtindi gramu 4. Jioni khichdi ambayo choroko na mchele vimelingana, gramu 50 kwa 50, ina gramu 15. Kabla ya kulala, glasi nyingine ya maziwa, gramu 8. Jumla inakaribia 60. Haba na haba hujaza kibaba. Angalieni pia kwamba protini imegawanywa katika milo yote. Misuli hunufaika zaidi hivyo kuliko kungojea karamu ya usiku mmoja.

Wasiokuwa wala mboga wana njia nyepesi zaidi. Yai moja lina gramu 6. Dagaa wakavu wa Kigoma, gramu 30 tu, wana gramu 15 au zaidi, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hutoa pia madini ya kuimarisha mifupa. Mzee anayekula ugali wa muhogo na mlenda peke yake yuko katika hatari ile ile aliyokuwamo Foiba, kwa maana unga wa muhogo karibu hauna protini. Aongeze kunde, njugu mawe, karanga za kusaga au dagaa, na sahani yake itabadilika.

Hapa naomba tuwashukuru mababu wa pande zote mbili. Nafaka ina upungufu wa kipande kimoja cha protini ambacho kunde zinacho kwa wingi, na kunde zina upungufu wa kipande ambacho nafaka inacho. Zikiliwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake. Mgujarati aliligundua hilo akaliita khichdi. Mtanzania aliligundua akaliita makande. Hakuna aliyekuwa na maabara. Walikuwa na chungu na busara.

Na ipo aibu moja ya kibiashara ninayopaswa kuitaja. Nchi yetu hulima mbaazi nyingi na kuzisafirisha India. Mwaka 2017 India ilipozuia kuingizwa kwa mbaazi kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wakabaki na mazao yao. Sote tulilalamika kwamba soko limekufa. Wachache walijiuliza kwa nini soko la mbaazi liwe ng'ambo ya bahari, ilhali wazee wa mitaa yetu wanakunywa dal ya maji.

JUU YA MFUNGO, FIGO NA MENO

Najua swali lililo mioyoni mwenu. Je, nawaambia wazee waache mfungo? La hasha. Neno upavasa, katika asili yake, lina maana ya kukaa karibu. Karibu na Mungu. Desturi zetu wenyewe humsamehe mgonjwa na mzee, na hakuna mahali zinapodai mtu amkaribie Mungu kwa kujivunja nyonga. Siku ya Ekadashi nafaka na kunde haziliwi, na wengi hujaza tumbo kwa sabudana na viazi, ambavyo ni wanga mtupu. Lakini maziwa, mtindi, paneer na karanga vinaruhusiwa katika nyumba zetu nyingi. Vivyo hivyo rajgira, ambayo si kitu kingine bali ni mbegu za jamii ya mchicha. Mzee anaweza kufunga kwa ukamilifu wa imani na bado akalinda misuli yake.

Wengine huogopa figo. Hofu hiyo ina msingi kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha kuugua: huyo asibadilishe chakula chake kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa anaweza kutakiwa kupunguza protini. Wenye kisukari na shinikizo la damu wapime figo kwanza. Lakini mzee mwenye figo nzima asikatazwe dal kwa ajili ya figo za jirani yake.

Wengine hulalamika juu ya gesi na meno. Choroko zikilowekwa usiku na kuoteshwa huwa laini kwa tumbo; karanga zikisagwa hazihitaji meno; dhokla na paneer hutafunwa hata na fizi. Tena, wala mboga wote waliofikisha miaka 60 wamwombe daktari awapime vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea, na ambayo dawa ya kisukari ya metformin huweza kuipunguza. Upungufu wake huleta ganzi ya miguu na kuyumba, na watu husema tena, "Ni uzee tu."

CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Matofali hayajengi nyumba bila fundi, na fundi wa misuli ni kazi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, wakiongozwa na Maria Fiatarone, waliwachukua wazee 10 wenye umri wa karibu miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya miguu ya kusukuma uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Miaka minne baadaye walirudia kwa wazee 100, wakaona kwamba waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Somo ni mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyechelewa, hata mwenye miaka 90. La pili, atakayekula na kukaa tu atanenepa bila kuimarika.

Hatuhitaji mashine. Kuketi sakafuni na kuinuka wakati wa aarti ni zoezi. Kuzunguka madhabahu kwa pradakshina ni zoezi. Nyumbani, mzee ainuke kitini na kuketi mara 10, asubuhi na jioni, mikono ikiwa kifuani. Asiyeweza aanze kwa kushika meza. Kipimo nacho ni rahisi: asiyeweza kuinuka mara tano ndani ya sekunde 15, au anayetumia zaidi ya sekunde 5 kutembea mita 4, apelekwe kwa daktari akachunguzwe.

Anaye mfanyakazi wangu wa zamani, Mnyamwezi aliyesukuma mkokoteni wa duka letu kwa miaka mingi, atakuja kesho kula pamoja nasi. Amepita miaka 80. Bado analima karanga zake mwenyewe, anakula kunde karibu kila siku, na huja kunisalimu kwa miguu. Nilipomwuliza siri yake aliniambia, "Tajiri, mimi sikupata nafasi ya kuacha kazi." Tucheke, lakini tutafakari. Sisi tumewastaafisha mama zetu kazi zote kwa mapenzi, tukawaletea chai kitini. Mapenzi hayo yanahitaji marekebisho.

MAOMBI YANGU KWA KAMATI

Tangu majengo yalipotaifishwa mwaka 1971, na kwa sababu nyingine nyingi, jumuiya yetu imepungua. Vijana wako Dar es Salaam na ng'ambo. Katika nyumba kadhaa za mji huu amebaki mzee mmoja na jiko moja, na mtu hapiki dal nzito kwa ajili yake peke yake. Upweke ndio unaopunguza sahani kuliko umaskini. Kwa hiyo naleta maombi matatu.

Ombi la kwanza: chakula kinachotolewa hekaluni kiwe na dal nzito na mtindi, na mzee apakuliwe kwanza, si mabaki. Ombi la pili: mara moja kwa juma jiko la hekalu lipike mlo wa mchana wa wazee wote wa mtaa, wa dini yoyote, wakae meza moja. Choroko, mbaazi na dengu za mlo huo kwa mwaka wa kwanza zitatoka katika duka langu, na naomba wenye mchele na maziwa wasiniache peke yangu. Ombi la tatu: mizani iwekwe karibu na mahali pa kuvulia viatu, na kila mwezi kijana mmoja aandike uzito wa kila mzee katika daftari. Sisi ni watu wa daftari. Tunajua kila mwezi faida na hasara ya duka. Uzito wa mama zetu hatuujui.

Na ninyi mlio mbali mtakaosoma maneno haya katika kitabu hiki: mnapopiga simu, msiulize tu, "Ba, umekula?" Atajibu amekula. Ulizeni, "Ba, umekula nini?"

Baba zetu walikuja kwa njia hii wakiwa na nguvu za kuanza upya. Wametubeba. Sasa ni zamu yetu kupunguza mwendo wa msafara, tukague posho, na kuhakikisha kwamba kila mmoja anafika kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Mama Annapurna asiikose nyumba hata moja ya Tabora.